Mnunuzi wa Mtungi Naye Aitwe Ukumbini

Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Ningependa kila mkazi wa Nyalenda, Manyatta, Obunga na Bandani hapa Kisumu aende na hesabu hiyo siku atakapokwenda kusemea bei ya maji. Mama anayenunua mtungi kibandani kwa shilingi 3 analipa shilingi 150 kwa uniti. Mtungi ukifika shilingi 5, analipa 250. Mifereji ikikauka wiki nzima, akaletewa maji kwa mkokoteni kwa shilingi 20 mtungi, uniti imemtoka kwa shilingi 1,000. Yule wa Milimani mwenye mita yake getini, anayeosha gari na kunyunyizia maua, hata atumie maji kiasi gani, bei hiyo ya shilingi 1,000 haijui.

Tangazo la kikao cha maoni likitoka, mama huyu hajihesabu kuwa miongoni mwa wanaoitwa. Hana akaunti, hana bili, jina lake haliko katika kompyuta yoyote ya kampuni. Anaona kwamba hilo ni jambo la wenye nyumba na wenye hoteli. Wakati huohuo kila shilingi itakayopanda itashuka ngazi kwa ngazi hadi imfikie, na kila ngazi itaongeza yake. Nasema yeye ndiye shahidi mkubwa kuliko wote katika kikao cha bei. Na nasema pia kwamba kikao hicho kina uwezo wa kubadilisha bei, mradi wanaosimama waseme mambo yanayoweza kuandikwa, kupimwa na kudaiwa baadaye.

Tuanze na nani anaamua. Mjini Kisumu maji huuzwa na KIWASCO, kampuni iliyosajiliwa mwaka 2001 na kuanza kazi 2003, ikirithi idara ya maji ya lililokuwa baraza la manispaa. Katiba ya 2010 iliweka huduma za maji na majitaka mikononi mwa serikali za kaunti, kwa hiyo kampuni ni ya kaunti. Bei, hata hivyo, haipandishwi na gavana wala bodi ya kampuni peke yao. Sheria ya Maji ya 2016 inaitaka Wasreb, bodi ya taifa ya kudhibiti huduma za maji, iyapime maombi ya bei na kuyaidhinisha kwa kuzingatia ulinzi wa mtumiaji. Kampuni huomba, Wasreb huamua, na katikati yao sheria imemweka mwananchi.

Kifungu cha 139 cha sheria hiyo kinaeleza namna mwananchi anavyoshirikishwa. Tangazo litolewe katika gazeti la taifa na katika redio inayosikika eneo husika. Lieleze kwa ufupi kinachoombwa, na liseme ni wapi mtu anaweza kwenda kuzisoma hati zenyewe. Watu wapewe siku zisizopungua 30 za kuleta maoni kwa maandishi. Anayeamua ni lazima ayazingatie maoni hayo pamoja na yale yaliyosemwa kwa mdomo kikaoni, kisha uamuzi na sababu zake viwekwe mahali watu watakapovisoma. Hakuna mahali sheria inaposema kwamba anayesema awe na namba ya akaunti. Mpangaji, mchuuzi wa samaki wa kukaanga, mwenye mkokoteni na mwanafunzi wa Maseno wana nafasi sawa na mwenye hoteli ya ghorofa kumi.

Mahakama zetu zimeshasema kwamba shughuli hii si ya kujaza kitabu cha mahudhurio. Mwaka 2014 Jaji George Odunga aliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alieleza kwamba watu wafuatwe mahali walipo: makanisani, misikitini, katika mabaraza na kupitia redio za lugha zao. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco, ilisisitiza kwamba ushirikishwaji uwe wa kweli, si wa kutimiza utaratibu. Lakini mahakama hizohizo hazijasema kwamba maoni ya wengi ndiyo yatakayopita. Kikao cha bei si kura. Watu 500 wakisimama mmoja baada ya mwingine wakasema hawataki bei ipande, mwandishi wa kikao ataandika mstari mmoja tu: wananchi walipinga ongezeko kwa sababu ya hali ngumu ya maisha. Mstari huo utazingatiwa, kama sheria inavyotaka, na bei itapanda.

Nimeketi katika vikao vya namna hii, vya maji na vya stima, na huzuni yangu haibadiliki. Watu wana ushahidi mzito lakini wanautoa kama kilio. Mzee anasimama, anasema mfereji wake hauna maji tangu Pasaka na bili inakuja kila mwezi. Ukumbi unapiga makofi. Afisa anasema suala hilo litashughulikiwa, chukua namba ya simu hii. Neno lililostahili kuingia katika hati ya bei limegeuka lalamiko la huduma kwa mteja. Mzee yuleyule angesema hivi: katika mtaa wangu maji yametoka siku mbili kwa wiki tangu mwezi wa nne, nina bili za miezi mitatu mkononi, naomba kampuni iseme ni saa ngapi za maji kwa siku inazoahidi mtaani kwetu kwa bei mpya, na naomba Wasreb iandike ahadi hiyo kuwa sharti la kuidhinisha. Hapo afisa hawezi kumpa namba ya simu. Ni lazima ombi likubaliwe, au likataliwe kwa sababu iliyoandikwa.

Wasreb inapoidhinisha bei huwa inaiambatanisha na masharti: kupunguza maji yanayopotea, kufunga mita, kuongeza saa za maji, kuwafikia wasio na huduma. Mtu anayekwenda kikaoni kupigania asilimia ya ongezeko peke yake ameacha nusu ya mazungumzo nje ya mlango.

Sasa tuingie ndani ya bei yenyewe, maana hapa ndipo kampuni inapotuzidi maarifa.

Kisumu ina vyanzo viwili vikubwa vya maji, navyo vina tabia tofauti kabisa. Huko Dunga maji huvutwa kutoka Ziwa Victoria, katika Ghuba ya Winam, yakasafishwa, kisha yakasukumwa kwa pampu kupanda mjini. Ghuba ni ya kina kifupi. Mito inaijaza matope na mbolea za mashambani, mji wenyewe unaitia uchafu wake, na magugu maji yaliyoingia ziwani miaka ya 1990 hayajaondoka. Upepo ukigeuka yanajaa pwani yote. Maji machafu zaidi maana yake shabu na klorini zaidi. Pampu nazo zinakula stima usiku na mchana. Kajulu ni jambo jingine. Pale maji hutoka mto Kibos, juu ya mji, na baada ya kusafishwa hushuka yenyewe kwa mteremko. Mtambo uliopanuliwa wa Kajulu, uliojengwa kwa ufadhili wa shirika la maendeleo la Ufaransa, AFD, ndio uliopunguza utumwa wa mji huu kwa pampu za Dunga.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo ningetaka liulizwe ni hili: kati ya maji yote mnayotegemea kuuza katika miaka ya bei hii, ni sehemu gani itatoka Kajulu na ni sehemu gani Dunga? Jibu linabeba gharama ya stima yote. Bili ya stima ya Kenya hubeba tozo ya mafuta ya mitambo na marekebisho ya thamani ya fedha za kigeni, na tozo hizo hubadilika kila mwezi. Shilingi ikianguka mbele ya dola, gharama ya pampu Dunga inapanda, na mama wa Nyalenda ambaye hajawahi kuishika dola anailipia katika mtungi. Kampuni ikisema gharama ya stima imepanda, inasema kweli. Lakini ni halali kuiuliza imefanya nini ili ihitaji stima kidogo: pampu ni za umri gani, zinaendeshwa saa ngapi, mto unapopungua wakati wa kiangazi mpango ni upi.

Swali la pili ni la madeni. Mabomba makubwa, matangi na mitambo hujengwa na Wakala wa Ujenzi wa Miundombinu ya Maji wa Ziwa Victoria Kusini, mara nyingi kwa fedha za nje. Mpango wa maji na usafi wa mazingira wa Kisumu, LVWATSAN, umeungwa mkono na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, AFD na Umoja wa Ulaya. Sehemu ya fedha za namna hii ni msaada na sehemu ni mkopo, na mkopo hulipwa. Mlipaji mmojawapo ni anayenunua maji. Sipingi mikopo, bila hiyo mji huu ungekuwa bado unakunywa kwa mabomba ya enzi za ukoloni. Ninachotaka ni kwamba karatasi ya kikao ionyeshe, katika kila uniti, ni shilingi ngapi zinakwenda kwa deni, ngapi kwa mishahara, ngapi kwa stima na dawa, ngapi kwa ukarabati. Mwananchi aliyeonyeshwa mgawanyo huo anaweza kubishana. Asiyeonyeshwa hubaki na kilio tu, kisha tunamlaumu kwa kulia.

Swali la tatu ndilo ninalolipa uzito kuliko yote: maji yanayopotea. Ripoti za Wasreb zimekuwa zikionyesha kwamba kampuni za maji za Kenya kwa jumla hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya maji zinayozalisha, wakati kiwango kinachokubalika ni chini ya 25. Kupotea huku si kuvuja peke yake. Kuna mabomba yaliyounganishwa usiku bila idhini, kuna mita zilizokufa zinazokadiriwa kwa macho, kuna taasisi zinazotumia bila kulipiwa. Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Mtambo umezalisha uniti 100 kwa gharama ya shilingi 6,000. Zikipotea 40, gharama yote inabebwa na uniti 60 zilizouzwa, yaani shilingi 100 kila moja. Zikipotea 25 tu, inabebwa na uniti 75, yaani shilingi 80 kila moja. Shilingi 20 zimeshuka bila mtu kunyimwa maji na bila mfanyakazi kukatwa mshahara. Basi kampuni ikija kuomba bei, iulizwe inapoteza kiasi gani leo, ilikuwa inapoteza kiasi gani ilipopewa bei ya mwisho, na ilikuwa imeahidi kufika wapi. Kama iliahidi na haikutimiza, mlipa bili haifai alipishwe gharama ya ahadi iliyovunjwa.

Na bomba linalovuja si hasara ya fedha tu. Shinikizo likishuka, tundu lililokuwa likitoa maji huanza kuvuta kilicho nje, na nje ya mabomba mengi ya Nyalenda na Obunga kuna mitaro ya majitaka na vyoo vya shimo katika udongo unaojaa maji kila masika. Mji huu umewahi kuzika watu kwa kipindupindu. Ninapodai mabomba yazibwe, uhai wa watu uko mbele ya bili.

Sasa turudi kwa mnunuzi wa mtungi, kwa sababu nina jambo la hesabu ambalo sijalisikia likisemwa kikaoni.

Katikati ya miaka ya 2000 KIWASCO ilianza mpango wa kuwauzia maji kwa jumla vikundi vya wenyeji katika mitaa kama Nyalenda. Kampuni hufikisha maji kwenye mita kubwa moja. Kikundi hununua hapo, huyasambaza kwa vibanda na nyumba, hukusanya pesa, hulinda laini. Mpango huu ulisifiwa nje ya Kenya, na kwa haki. Ulileta mabomba halali mahali palipokuwa na ya wizi, na uliwapa vijana kazi. Lakini umeongeza ngazi katika safari ya bei. Kampuni, kikundi, kibanda, mkokoteni, nyumba.

Tuseme bei ya jumla imepanda kwa shilingi 10 kwa uniti. Kwa mtungi mmoja hiyo ni senti 20. Nani atalipa senti 20 kibandani? Sarafu yake haipo mfukoni mwa mtu. Mwenye kibanda atakaa na hasara mwezi mmoja, miwili, kisha ataongeza kiasi kidogo kabisa anachoweza kuongeza, nacho ni shilingi 1. Shilingi 1 kwa mtungi ni shilingi 50 kwa uniti. Kampuni imepata 10, mnunuzi ametoa 50, na 40 zimebaki njiani bila kuzibua bomba wala kununua klorini. Katika hati ya maombi ongezeko lile litaonekana dogo. Kwa mnunuzi aliyekuwa akilipa shilingi 3 limekuwa theluthi nzima.

Ndiyo sababu nasema bei ya vibanda isemewe peke yake. Idhini za Wasreb huwa na mstari wake wa vibanda, kando na ule wa majumbani na ule wa biashara. Ombi la mitaa ya mabanda liwe kwamba mstari huo usiguswe katika kipindi hiki, au kama ni lazima uguswe, basi bei ya mtungi kwa mnunuzi wa mwisho itajwe katika idhini yenyewe na ibandikwe kwenye kila kibanda kwa Kiswahili na Dholuo, pamoja na namba ya kupeleka malalamiko. Vikundi vinavyosimamia laini navyo visikae kimya ukumbini vikiogopa kuonekana wapinzani wa kampuni. Vije na vitabu vyao. Vionyeshe vinanunua kwa ngapi, vinapoteza kiasi gani katika laini zao, vinawalipa vijana wangapi. Bila hesabu hizo, watakaotwishwa lawama ya bei ya kibandani ni wao.

Mpangaji ana mtego wake mwingine. Bei za maji zimepangwa kwa ngazi: uniti za kwanza, katika miji mingi ya Kenya zile 6, ni za bei nafuu, kisha bei hupanda kadiri unavyotumia. Nia ni njema, mwenye matumizi makubwa alipe zaidi. Lakini chukua ploti ya vyumba 10 huko Manyatta yenye mita moja. Kila familia inatumia uniti 4 kwa mwezi, yaani kama mitungi 7 kwa siku, matumizi ya watu wa kujibana. Mita inasoma 40. Ngazi nafuu imeisha kabla familia ya pili haijamaliza mwezi, na zilizobaki zote zinasomwa kama za tajiri mmoja mwenye kiu. Kila familia ingekuwa na mita yake, zote 10 zingekaa katika ngazi ya chini. Ni jambo la kurekebishika: mita ya pamoja ihesabiwe kwa idadi ya nyumba inazohudumia. Lakini halitarekebishwa mpaka mpangaji asimame akalisema, kwa kuwa landilodi anaihamishia bili kwa wapangaji, na kampuni imeshalipwa.

Kuhusu ngazi hizi, historia ya stima ina fundisho kubwa. Julai 2018 mdhibiti wa nishati wa wakati huo aliondoa ada ya kila mwezi ya shilingi 150 na kuweka bei nafuu kwa wanaotumia hadi uniti 10 tu. Uniti 10 hazitoshi nyumba nyingi kwa mwezi mzima. Kelele zikapigwa nchi nzima, za wenye viwanda vidogo, wauza duka, vinyozi na watu wa majumbani. Kufika Novemba mwaka huohuo mpaka ukasogezwa hadi uniti 100, kwa shilingi 10 kila uniti. Kisha Aprili 2023, chini ya EPRA, mdhibiti wa sasa wa nishati, bei mpya zikaanza kutumika na mpaka ukashushwa hadi uniti 30. Walio chini ya 30 wakawekewa shilingi 12.22 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Walio kati ya 30 na 100 wakahamia 16.30. Magazeti yalijadili asilimia. Kilichowaumiza watu wa Kondele na Nyawita, wale wenye friji ndogo ya kuuzia soda au mashine moja ya kushonea, ni ule mpaka. Mtu anaweza kushinda vita vya asilimia akapoteza vita vya mpaka, wala asijue ameshindwa mpaka atakaponunua tokeni. Ukisoma ombi lolote la bei, kwanza tafuta mipaka imesogea wapi.

Nimesema mengi upande wa mlipaji. Haki inanidai niseme na upande wa pili, kwa imani yangu yote, kwamba bei iliyozuiliwa isipande kwa miaka mingi nayo humwumiza maskini. Tembea pwani hii ya ziwa uone. Ipo miji inayotazama ziwa asubuhi na jioni, mawimbi yakipiga mlangoni, na mifereji yake haitoi kitu. Homa Bay imeishi na aibu hiyo kwa muda mrefu. Kampuni isiyokusanya gharama zake hukopa stima, hukatiwa, hupunguza klorini, huacha pampu ife, na kila siku ya mfereji mkavu ni siku ya mkokoteni wa shilingi 20. Mwenye tangi kubwa juu ya paa hastuki. Kwa hiyo mimi siendi kikaoni kusema hapana. Naunga mkono ongezeko linaloonyesha shilingi yake inakwenda wapi, linalolinda kibanda, linalofungwa kwa masharti yenye tarehe. Lisilo na hayo nalipinga, na ningependa lipingwe na kila mtu.

Kuna suala la saa na mahali. Vikao vingi hufanyika siku ya kazi, asubuhi, katika ukumbi wa mjini. Asubuhi ndiyo saa ya samaki. Wanawake wa omena wako Dunga na sokoni Jubilee, wa mboga wako Kibuye, vijana wa mikokoteni wako njiani. Kisumu ina ukumbi wenye jina la Mama Grace Onyango, meya wa mji huu mwaka 1965 na mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini Kenya, mwaka 1969. Haipendezi ukumbi kama huo ujae maafisa na wenye nyumba, huku wanaobeba maji kichwani wakiwa hawana habari. Barua ya kuomba kikao cha jioni, au cha mtaani, ipelekwe mara tangazo likitoka, nakala moja kwa kampuni na nyingine kwa Wasreb. Wakikataa, barua hiyo ni ushahidi. Wala asiwepo wa kuogopa lugha. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Katiba. Maoni yaliyoandikwa kwa Kiswahili yana uzito uleule. Anayejieleza vizuri zaidi kwa Dholuo ana haki ya kudai mkalimani, na redio za Dholuo zinazosikilizwa katika kila matatu ya Kondele zingefaa kusoma ombi la bei kwa ukamilifu.

Ng'ambo ya ziwa, Mwanza, jambo hili wamelipangia vingine. Tanzania ina baraza la watumiaji wa huduma za nishati na maji, EWURA CCC, lililowekwa kwa sheria, lenye watu wa kuyachambua maombi ya bei na kuyajibu kwa niaba ya watumiaji. Sisi tuna vikundi vya kuwasemea watumiaji wa maji, WAG, vilivyoanzishwa na Wasreb, na Kisumu ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuwa navyo. Ni watu wa kujitolea, na wamefanya kazi ya kuheshimiwa. Lakini mtu wa kujitolea hawezi kukaa wiki mbili na majedwali ya kampuni akatoka na hesabu mbadala. Kaunti yenye chuo kikuu cha umma cha Maseno, na kile cha Jaramogi Oginga Odinga kikiwa jirani Bondo, inaweza kuwapa wananchi wanafunzi wa uhasibu na uhandisi wa kuwasomea hati katika zile siku 30. Sioni kizuizi isipokuwa kwamba hajatokea wa kuomba.

Dakika utakazopewa ni chache, labda tatu. Taja mtaa wako na unavyopata maji. Taja bei unayolipa kwa uniti, si kwa mtungi, ili ilingane na lugha ya hati. Toa jambo moja ulilolishuhudia, lenye tarehe. Omba sharti moja. Kisha mkabidhi mwandishi wa kikao karatasi yenye maneno hayohayo, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakazi wa mtaa mmoja wagawane mambo: huyu aseme saa za maji, huyu mita ya pamoja, huyu kibanda, huyu mabomba yanayovuja. Likirudiwa jambo moja mara 20, hati itaonyesha jambo moja.

Baada ya kikao wengi hurudi nyumbani wakangoja kusikia bei. Hapo kazi ndiyo kwanza imefika nusu. Uamuzi ukitoka, sheria inakupa haki ya kuzisoma sababu zake. Nendeni watatu au wanne, na nakala zenu zenye muhuri, mtafute kila jambo mlilosema limejibiwa wapi. Lisilojibiwa liandikieni Wasreb barua, na mkipuuzwa lipo jopo la rufaa za maji lililowekwa na sheria hiyohiyo ya 2016. Masharti yaliyomo katika idhini yaandikeni kwenye karatasi moja, yabandikwe kibandani pamoja na bei ya mtungi, na kila robo ya mwaka mmoja wenu aende ofisini kwa kampuni kuuliza lipi limetimizwa. Kampuni itarudi kuomba tena baada ya miaka michache, na siku hiyo karatasi hiyo ndiyo iwe ukurasa wa kwanza wa maoni yenu.